Mama alisoma maji kabla sijasoma kibao: mara mbili Corkscrew Swamp

Hata robo saa ilikuwa haijafika tangu tuanze kutembea, mama akasimama ghafla, akashika ukingo wa mbao na kuukodolea macho mti mmoja mnene uliosimama majini. "Maji yalifika pale," akasema, akionyesha kwa kidevu mstari uliojichora kwenye gome, kiasi cha dhiraa moja juu ya maji. "Sasa yako huku chini. Na bado yanashuka." Mimi nilikuwa nahangaika na darubini, natafuta ndege. Hatua kadhaa mbele nikakuta kibao cha maelezo kinachosema habari hiyohiyo ya maji kupanda na kushuka. Nikakisoma, nikageuka kumwangalia mama. Kwetu Ifakara, Tanzania, mafuriko ya mto Kilombero huacha mstari kama huo kwenye kuta za nyumba, na watu hukumbuka miaka kwa mistari hiyo: mwaka ule yalifika hapa, mwaka ule yalifika dirishani. Kibao cha nini tena?

Mahali penyewe panaitwa Corkscrew Swamp Sanctuary, hifadhi ya kinamasi iliyo kusini-magharibi mwa Florida, bara kidogo kutoka mji wa Naples, mali ya National Audubon Society, shirika la Marekani la kulinda ndege. Nimekwenda mara mbili, Februari na Machi, zote mbili na mama aliyekuja kututembelea, pamoja na mwanangu wa miaka tisa. Bibi yake humwita "mume wangu", naye huona aibu mbele za Wazungu ingawa hakuna anayeelewa. Mimi ni mtu wa zamu za usiku, nahudumia wazee. Siku ya mapumziko kwangu ni ghali kuliko tiketi yoyote, kwa hiyo nikisema mahali fulani panastahili siku ya mapumziko, mjue nimepima.

Na nilipima baada ya kukosea. Wiki mbili kabla ya hapo niliwapeleka kwenye yale maboti bapa yanayosukumwa na feni kubwa mgongoni, kama injini ya ndege. Kampuni siitaji, zipo nyingi na zinafanana. Sisi watatu tulilipa zaidi ya dola mia. Tulipewa vya kuziba masikio, boti likanguruma, na kila ndege aliyekuwa mbele yetu aliruka kabla hatujajua ni nani. Tuliona mikia. Dereva aliposimamisha boti, alichomoa pakiti ya peremende zile laini nyeupe akamrushia aligeta, aligeta akaja mbio kama kuku aliyesikia mahindi yanamwagwa, watu wakapiga picha. Kulisha aligeta Florida ni kosa kisheria, kwa sababu aligeta aliyezoea kulishwa na watu huanza kuwafuata watu. Mama hakujua sheria hiyo, lakini kwao mtoni mamba wamekula watu anaowajua kwa majina. Alivua vile viziba masikio akaniuliza: "Tumekuja kuona au kupigiwa kelele?"

Mwenzangu kazini, dada wa Kihaiti anayeishi Immokalee, ndiye aliyeniambia: nenda Corkscrew, utatembea kwa miguu, hakuna injini.

Bila gari hufiki, hilo mlijue mapema. Kutoka Fort Myers ni mwendo wa karibu saa moja, na sehemu ya mwisho mnaacha nyumba za watu wenye pesa, mnakuta mashamba na malisho, mpaka unadhani simu imekupoteza. Tiketi nilinunua kwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtu mzima ni chini ya dola 20, mtoto nafuu zaidi. Hakuna mtu wa kukufuata wala wa kukuharakisha. Unapita kwenye jengo la mapokezi, unatokea nyuma, na hapo njia ya mbao inaanza.

Njia hiyo ndiyo huduma yenyewe unayolipia, kwa hiyo nitaisema vizuri. Ni maili mbili na robo, yaani kilomita tatu na nusu na kitu, mzunguko mmoja unaokurudisha ulipoanzia. Imeinuliwa juu ya maji na matope, ina ukingo pande zote mbili, ni tambarare mwanzo hadi mwisho, haina ngazi. Mama ana miaka 68 na magoti yanayomsumbua tangu enzi za kupandikiza mpunga. Alitembea yote, kwa sababu kila alipochoka palikuwa na benchi, na sehemu nyingine benchi liko chini ya paa. Niliona watu wenye viti vya magurudumu wakipita bila shida. Kwa wasioweza mzunguko wote kuna njia ya mkato. Tulichukua karibu saa tatu na nusu mara ya kwanza. Watu wa mazoezi walitupita mara mbili.

Kabla ya maji kuna nchi kavu ya mipaina, kama ile ya shamba la miti la Sao Hill ila imetawanyika, na chini yake vichaka vya mnazi mdogo wenye majani yaliyotandazwa kama upepeo, mabua yake yana meno kama msumeno. Mama alilipima jani moja kwa viganja bila kulichuma, maana nilikuwa nimeshamwonya kwamba hapa huchumi hata ua. "Ukindu wote huu," akasema, "na hakuna anayesuka mkeka?" Nilimwambia Wamarekani wananunua mikeka ya plastiki. Alinyamaza kwa huzuni ya kweli.

Halafu panakuwa na uwazi wa nyasi zenye unyevu, upepo, jua. Hapa msichelewe sana. Mbele yake ndipo panapobadilika: ubaridi unakushika, sauti zinakufa, na unaingia kwenye msitu wa misaipresi.

Ukisikia saipresi utafikiri unaijua. Mimi nilisoma sekondari Njombe, saipresi kwangu ni fensi, mbao za dari na ile harufu baada ya mvua. Huu wa Florida ni wa ukoo huohuo lakini tabia zake ni nyingine kabisa. Unasimama ndani ya maji. Kitako chake kimevimba, kimekunjamana kama miguu ya tembo. Na wakati wa baridi hupukutisha majani yote, jambo ambalo kwa mti wa namna hii hatukulizoea. Mama aliangalia juu, matawi makavu yamejaa ndevu za kijivu zinazoning'inia, akauliza, "Hii imekufa?" Haikufa. Tuliporudi Machi ilikuwa imeshavaa kijani kichanga, laini kama manyoya ya kifaranga.

Kuzunguka kila mti, vinachomoza kutoka matopeni vitu kama vichuguu vyembamba vya mti, virefu na vifupi, mamia. Wenyewe huviita magoti. Hutoka kwenye mizizi, na wataalamu wamebishana miaka mingi kazi yake ni nini: kuvuta hewa, au kuushikilia mti usianguke matopeni. Mama alipotafsiriwa kwamba hayo ni magoti, alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. "Angalau yao hayaumi."

Mingine ya miti hii ina mamia ya miaka, mikubwa kabisa inakadiriwa kupita miaka 500. Misaipresi mikongwe ya namna hii ambayo haijawahi kuguswa na msumeno haipo kwa wingi kama hapa popote kwingine Amerika ya Kaskazini. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: kwingine yote ilikatwa. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 wapasua mbao waliimaliza misitu ya jirani, wakawa wanakuja huku. Mwaka 1954 watu walichanga pesa na ardhi ikapatikana kabla ya misumeno. Mwaka uliofuata njia ya kwanza ya mbao ikajengwa. Leo hifadhi ina ekari zaidi ya 13,000, na tangu 2009 iko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu. Bonde la Kilombero nalo liko kwenye orodha hiyohiyo, tangu 2002. Nilimwambia mama. Akasema, "Kumbe na sisi tuna kibao?" Kipo, mama, sema hatujawahi kukilipia tiketi.

Sasa ndege, maana ndio waliotuleta.

Mara ya kwanza, Februari, hawakuwa wengi, na kosa lilikuwa letu. Tulifika saa nne kasoro, jua limeshapanda, na maji bado yametapakaa kila mahali. Kinamasi kikijaa ndivyo kinavyopendeza kwenye picha, ila ndege unawatafuta kwa tochi. Wenye macho mtaona. Tulimwona mbizi amekaa kwenye gogo ametandaza mabawa kama shati kwenye kamba, kwa sababu manyoya yake hulowa maji, ndiyo maana anazama vizuri, na akitoka lazima aanikwe. Tuliona kwarara weupe, wale wenye mdomo mwekundu uliopinda, wanachoma matope choma choma choma kama mafundi cherehani. Kulikuwa na kulastara mdogo wa buluu, na pembeni yake mwingine mweupe kabisa. Mwanangu akasema huyo ni yangeyange. Hapana. Kulastara huyu akiwa mtoto huwa mweupe, akikua anageuka buluu, na katikati hapo anakuwa na mabaka kama shuka iliyochuja rangi. Mtazameni miguu: ya kijanijani ni mtoto wa kulastara, myeusi yenye vidole vya njano ni yangeyange mdogo wa theluji.

Kuhusu bundi, yaliyotokea yalikuwa hivi. Watu watano walikuwa wamesimama kimya wanatazama juu. Nikatazama. Bundi mnene mwenye michirizi, mchana kweupe, amekaa kwenye tawi mita nne hivi kutoka vichwani mwetu, macho meusi kama punje za mbaazi zilizoungua. Mama alivuta kanga juu ya kichwa. "Twende." Nikamwambia huku bundi ni ndege tu. "Kwenu," akasema, "mimi sijahamia." Akatembea mbele, akatugeuzia mgongo, akatusubiri huko. Mara bundi akashuka kama kitambaa kilichodondoka, akagusa matope, akarudi tawini na kitu chenye makucha kikipapatika. Kamba, wale wa maji baridi. Mwanangu alikimbia kumwambia bibi, pua juu: bundi anakula kamba! Mama akageuka polepole, akatazama kwa jicho moja. "Anavua?" Anavua. "Basi huyo si wa wachawi," akahukumu, "huyo ni mvuvi mwenzetu." Akarudi, akamtazama mpaka akatosheka.

Mbu. Najua mnaisubiri hiyo. Tulikuja na dawa ya kupaka chupa mbili na hatukumaliza hata robo. Februari na Machi ni kiangazi huku, hilo linasaidia. Lakini tazameni majini kando ya nguzo: mnaona visamaki kama dagaa, vinaelea karibu na uso wa maji kwa makundi. Ni gambusia, na hula viluwiluwi vya mbu. Mama anatoka mji wenye taasisi ya utafiti wa malaria inayojulikana duniani. Ameshaona vijana wa maabara wakikamata mbu majumbani kwa mirija tangu mimi niko shule. Aliposikia habari ya visamaki hivi alitaka kujua kama vinalika. Sikuwa na jibu zuri. Masika ya huku, kuanzia mwisho wa Mei, sijawahi kwenda na sitawadanganya.

Aligeta wapo, na bila peremende. Sehemu moja njia inapita kando ya mabwawa yaliyofunikwa na lile gugu linaloelea kama kabichi changa, ambalo mama alilitambua mara moja kwa sababu kwetu nalo lipo. Katikati ya kabichi hizo kulikuwa na pua mbili na macho mawili. Mama alirudi nyuma hatua tatu, akamvuta mume wake kwa kola. Tofauti na mamba wetu ni pua pana butu, na akifunga mdomo meno ya chini hayaonekani. Ni wapole kuliko mamba wa Nile, ila mimi siwapimi. Alilolipenda mama ni kazi yao. Aligeta huchimba na kusafisha shimo lake, na kiangazi kikikaza, shimo hilo ndilo linalobaki na maji. Samaki wanajazana humo, ndege wanakuja kula juu ya kichwa cha mwenye nyumba, naye mwenye nyumba mara mojamoja anakusanya kodi.

Mzee mmoja wa kujitolea alikuwa amesimama hapo na darubini ya miguu mitatu. Hao wazee ni nusu ya thamani ya tiketi. Hawakusimulii kama redio, wanakungoja uulize. Nilimuuliza korongo wako wapi, wale korongo wa msituni waliofanya mahali hapa pajulikane. Akasema bado, maji ni mengi, samaki wametawanyika. Nikamtafsiria mama. Mama, bila hata kumtazama mzee, akarudi kwenye ule mstari wake wa kwenye gome. "Mwambie tutarudi baada ya wiki tano. Maji yakifika kwenye lile goti fupi, pale." Nikaona haya, lakini nikatafsiri. Mzee akalitazama goti. Akasema anadhani hiyo ni hesabu nzuri.

Tukarudi katikati ya Machi, mlango ulipofunguliwa tu. Goti fupi lilikuwa limesimama matopeni, limekauka hadi kisigino.

Tulisikia kabla ya kuona. Ni kama wapishi wengi wanagonganisha vijiko vya mbao. Njia ilipokata kona, lile bwawa la kabichi lilikuwa limebaki dimbwi refu, na ndani ya dimbwi hilo walikuwa wamejaa. Yangeyange wakubwa, wadogo, kwarara, kulastara, domomwiko mmoja wa waridi kama amepakwa, na korongo. Mama aliwahesabu kwa kidole kama kuku wa jioni: ishirini na wawili.

Nilitazama mmoja kwa muda mrefu, hakuwa mbali, labda mita kumi. Sura nzuri hana. Kichwa na shingo havina manyoya, ni ngozi nyeusi iliyokunjamana kama tende iliyokaa sana, halafu ghafla mwili mweupe safi, na vidole vya miguu vya waridi ambavyo unaviona akinyanyua tu. Aliingiza mdomo majini, umefunguka kidogo, akatembea hivyo. Maji yalikuwa uji wa tope, hakuna anayeweza kuona kitu humo, na yeye hatazami. Anapapasa. Mguu mmoja anautikisa mbele, anachokonoa matope, samaki anashtuka, anagusa mdomo, na mdomo unafunga. Kufunga huko wanasayansi wamekupima: sehemu ya ishirini na tano kati ya elfu ya sekunde. Mimi niliona tu kwamba mara hakuna samaki, mara yupo.

"Sisi tulivua hivihivi," mama akasema. "Maji yakishuka mashambani, tunaingia wanawake na matenga. Huoni kitu. Unapapasa na miguu." Alikuwa amelegeza kanga, ameegemea ukingo kama yuko barazani. Na ndege akamtambua: "Huyu ni ndugu wa korongo wetu wa mdomo wa njano." Nilikuwa na simu mkononi nimeshatafuta, ni kweli tupu, wa jenasi moja, na yule wetu anavua kwa mtindo huohuo.

Hapo mzee wa darubini (hakuwa yuleyule, lakini wanafanana kofia) akatueleza shida. Korongo hutaga wakati maji yanashuka, kwa sababu familia moja ya korongo msimu mzima inahitaji kiasi cha kilo 200 za samaki, na samaki wa namna hiyo hupatikana kwenye madimbwi kama haya tu. Kukauka kukiwahi, chakula kinaisha vifaranga wakiwa bado kiotani, na wazazi wanaondoka. Kuna mifereji, visima na mashamba, nyumba zimeongezeka, na mierebi imevamia uwazi wa nyasi na kunyonya maji. Corkscrew ilikuwa makazi makubwa kuliko yote ya korongo hawa kutaga Marekani. Miaka ya karibuni wengi wamehamia kutaga kaskazini, Georgia na South Carolina. Idadi yao kitaifa imepanda: mwaka 1984 waliwekwa kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, mwaka 2014 wakahamishiwa kundi la hatari nafuu kidogo. Lakini hao tuliowaona siku hiyo walikuja kula, hawakuja kujenga. Mama aliuliza swali moja tu: "Nani anafungulia maji?" Sikujua namna ya kulitafsiri, maana jibu lake ni watu wengi mno.

Yangeyange wakubwa nao walikuwa wamevaa nguo za harusi. Msimu wa kuzaa huota manyoya marefu mgongoni, membamba kama nyuzi za hariri, na ngozi karibu na jicho inageuka kijani kibichi. Manyoya hayo ndiyo yaliyotaka kuwamaliza. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita yalipambwa kwenye kofia za wanawake, na kwa uzito yaliuzwa ghali kuliko dhahabu. Wawindaji waliwapiga viotani kwa sababu manyoya yanakuwepo wakati wa kuzaa tu, vifaranga wakafa njaa juu ya miti. Mlinzi mmoja, Guy Bradley, aliuawa kwa risasi na mwindaji hukohuko kusini mwa Florida mwaka 1905. Hapa Corkscrew mlinzi wa kulipwa aliwekwa tangu 1912. Mama, ambaye hukemea yangeyange na kila ndege mwingine shambani kwake, alisema kofia ya namna hiyo hata bure haivai.

Machache ya kuwasaidia. Darubini: mara ya kwanza nilikuwa na kidude cha mfukoni cha 10 kwa 25, nilichonunua kwa bei ya kuku mzima, na chini ya kivuli cha ile miti picha ilikuwa giza na kila kitu kikitetemeka. Mara ya pili niliazima ya 8 kwa 42 kwa mtu wa kanisani. Namba ya pili ndiyo inayoleta mwanga. Msidanganywe na ya kwanza kubwa. Njooni asubuhi. Valeni viatu vya kawaida, hamtakanyaga tope. Mtoto asiyeweza kunyamaza, mwahidini kitu. Mimi nilimwahidi wangu soda kwa kila ndege atakayemwona kabla ya bibi, nikadaiwa soda mbili tu, maana bibi ana macho. Mwenye hamu ya okidi mzimu, ile nyeupe isiyo na majani, aje katikati ya mwaka: upo mmea mmoja mkubwa, uliogunduliwa 2007 juu kabisa ya msaipresi mkongwe, unaoonekana kwa darubini ukiwa njiani. Sisi tuliona mti tu.

Mkiwa na njaa msirudi Naples. Endeleeni Immokalee, mji wa wavuna nyanya, Wamexico, Waguatemala na Wahaiti. Tuliingia kibanda kimoja cha Kihaiti tukapewa samaki mzima wa kukaanga, wali wa maharage na kachumbari ya kabichi yenye pilipili inayokutoa machozi. Mama alikula mpaka kichwa, akafyonza mifupa, akasema wali umepikwa na mtu aliyelelewa.

Nyota zote tano, ikiwa mnapenda mahesabu ya nyota. Ila nendeni maji yakishuka.

Mama alirudi nyumbani Aprili. Huko sasa ni masika, Kilombero limejaa, ndugu wamehamisha mbuzi kwenye mwinuko. Huku tunachomeka kwa kiangazi. Kila Jumapili akipiga simu, akishamaliza kuuliza afya yangu na ya mume wake, ananiuliza: "Na kule kwa korongo, maji yamefika wapi?" Wiki mbili nilimjibu sijui. Ya tatu nikaona aibu, nikanunua uanachama wa mwaka.